Msafiri Apimwe kwa Matendo Yake: Risala ya Wavuka Mpaka wa Afrika Mashariki







Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Waziri mwenye dhamana ya masuala ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, karibu Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Tumefarijika kwamba umekubali kutusikiliza hapahapa mpakani, mahali ambapo sheria mnazozitunga huko juu huwakuta watu wenyewe, na mabegi yao mkononi.

Sisi tunaosimama mbele yako ni akina mama tunaovusha vitunguu, maharage na mitumba. Ni madereva na utingo wa malori, wanafunzi wanaosoma katika nchi ambazo hawakuzaliwa, wanamuziki wanaoalikwa kupiga ng'ambo na wagonjwa wanaofuata hospitali kubwa. Ni familia za Kimaasai zenye boma upande huu na malisho upande ule. Wenzetu wengine wametoka Busia, Rusumo, Gatumba na Goma ili sauti hii isiwe ya mpaka mmoja. Tumeandika kwa pamoja, na kila neno lililomo tumelikubali.

Tuna jambo moja la kusema. Pasipoti iliwekwa ili ieleze mtu ni nani na ametoka wapi. Siku hizi imefanywa hukumu. Kabla mtu hajafungua kinywa, rangi ya kile kitabu na jina la nchi lililo juu yake vimekwishaamua kama ni mgeni au mshukiwa, kama atalipa au atapita bure, kama ataulizwa swali moja au atawekwa benchi hadi jioni. Hatukuchagua mahali pa kuzaliwa. Tunaomba, na kwa mambo mengine tunadai kwa haki, kwamba kila msafiri apimwe kwa nyaraka zake na matendo yake mwenyewe.

Tunayoyashukuru

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukuja kulalamika bila kushukuru. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ulitamka kwamba ushirikiano wetu utamlenga mwananchi. Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara yake ya 7 ikampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia nchi nyingine ya Jumuiya bila viza, kutembea humo, kukaa na kutoka. Ibara ya 3 ikakataza asibaguliwe kwa sababu ya uraia wake.

Wazee wetu wa Namanga wanaujua uzito wa maneno hayo kuliko sisi. Wanakumbuka mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika na Tanzania ikaufunga mpaka huu. Ulikaa umefungwa hadi 1983, na katika miaka hiyo aliyetaka kumzika ndugu yake upande wa pili alilazimika kupita porini. Tangu kituo cha kutoa huduma kwa pamoja kilipofunguliwa rasmi hapa Desemba 2018, msafiri anagongewa mihuri ya nchi mbili ndani ya jengo moja. Tunashukuru kwa dhati. Tunachoomba ni kwamba jengo hilo lifanye kazi kwa kila anayeingia mlangoni.

Malalamiko yetu

*Kwanza, haki iliyoandikwa haimfikii asiye na pasipoti.* Tangu mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zimekubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Utaratibu huo haujawa wa Jumuiya nzima, kwa sababu Ibara ya 9 ya Itifaki imeuacha kwa nchi zitakazokubaliana. Kwa hiyo raia wawili wa Jumuiya ileile, wenye vitambulisho vilivyotolewa na serikali zao, hufika dirisha moja wakajibiwa tofauti. Mmoja anapita, mwingine anaambiwa arudi akatafute pasipoti au kibali cha muda.

Mama anayeuza matenga mawili ya nyanya hana muda wala nauli ya kufuata pasipoti mjini. Anapita njia za panya. Huko anaibiwa, anadhalilishwa, na wapo waliobakwa. Hawezi kwenda kushtaki, maana neno la kwanza atakaloulizwa ni alipitia wapi. Na hali hii ipo ilhali mzigo wake umewekewa utaratibu mzuri: bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zinavuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Gunia la maharage limefunguliwa njia. Mwenye gunia amebaki nje.

*Pili, kadi ya njano imekuwa mradi wa watu.* Shirika la Afya Duniani lilibadilisha kanuni, na tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni halali kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Miaka imepita. Bado tunakutana na maofisa, katika mipaka zaidi ya mmoja, wanaofungua kadi, wanahesabu miaka kumi na kutangaza kwamba imekwisha muda. Hapo msafiri anapewa njia mbili: achomwe sindano asiyoihitaji, au aongee vizuri. Abiria wa basi anayeona wenzake wanamsubiri, na dereva ameshaanza kupiga honi, huchagua kuongea vizuri. Na anayeombwa mara kwa mara ni yule ambaye nchi yake haina wa kumtetea: Mrundi, Mkongomani, Msudani Kusini.

*Tatu, maswali hutofautiana kwa uraia.* Basi likifika, abiria wote wanashuka. Mtalii wa Ulaya anaulizwa anakaa hoteli gani. Mkongomani aliye nyuma yake, mwenye pasipoti halali, anaulizwa ana fedha kiasi gani, nani amemwalika, atarudi lini, na kwa nini asirudi leo. Akijibu kwa Kiswahili cha Goma au Bukavu anaambiwa aseme Kiswahili.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022. Kenya iliwaondolea raia wake viza Septemba 2023, na Uganda Januari 2024. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya mwaka mzima bendera ya Kongo ilipepea Arusha, makao makuu ya Jumuiya, huku raia wake wakiendelea kulipia viza ili kuingia baadhi ya nchi wanachama wenzao. Somalia nayo imekuwa mwanachama kamili tangu Machi 2024. Mwaka 2025 Kenya ilipowafungulia Waafrika karibu wote waingie bila kuomba idhini ya safari, ilibakiza nchi mbili, Libya na Somalia, na sababu iliyotolewa ikawa usalama.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, usalama hatuupuuzi. Agosti 1998 mabomu yaliua watu Nairobi na Dar es Salaam siku moja. Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Lakini mmoja wa waliofanya mauaji yale ya Garissa alikuwa Mkenya, msomi wa sheria, mtoto wa chifu. Kitambulisho chake hakikuwa na kasoro yoyote. Anayetegemea jina la nchi kumtambua muuaji atamkosa muuaji, na atakuwa amemtesa mama Msomali anayempeleka mwanawe hospitali. Mlinzi mzuri huchunguza mtu, husoma taarifa za wahalifu, huzungumza na wenzake wa upande wa pili. Kumfungia nje raia wa nchi nzima ni kazi rahisi, na urahisi wake ndio unaotutia hofu.

*Nne, watu wanarudishwa bila kuambiwa sababu.* Aprili 2011 wakili Mkenya Samuel Mukira Mohochi alizuiwa katika uwanja wa ndege wa Entebbe na kurudishwa kwao siku hiyohiyo bila kupewa sababu. Alifungua shauri, na mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ikaamua kwamba Uganda ilivunja Mkataba na Itifaki. Itifaki inairuhusu nchi kumzuia mtu kwa ajili ya usalama, afya au utulivu wa umma, lakini inaitaka pia izijulishe nchi wenzake. Mohochi alikuwa mwanasheria, akajua mlango wa kugonga. Mwanafunzi anayerudishwa usiku Rusumo au Mutukula hajui. Hapewi karatasi. Anapewa mkono unaoonyesha alikotoka, na kesho yake hana cha kumwonyesha wakili wala mbunge wake.

*Tano, serikali zikigombana, wananchi ndio wanaolipa.* Februari 2019 mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa, ukakaa hivyo hadi mwisho wa Januari 2022. Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva wetu walikwama hapa Namanga kwa sababu upande mmoja haukukubali vipimo vya upande wa pili. Januari 2024 Burundi iliufunga mpaka wake na Rwanda. Watu waliooana, wanaosali kanisa moja na kulima mashamba yanayotazamana walijikuta ni maadui kwa tangazo la redio. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa. Julai 2025 Tanzania nayo ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na Kenya ikalalamika kwamba amri hiyo inakwenda kinyume na Soko la Pamoja. Sisi tulioandika risala hii tumo Watanzania na tumo Wakenya. Tunaelewa kwamba kinyozi na muuza duka mdogo wanahitaji kulindwa. Tunachosema ni kwamba ulinzi huo ujadiliwe kwenye meza ya Jumuiya, watu wapewe muda, na jirani mwenye haki ya Itifaki asiwekwe fungu moja na mgeni wa mbali.

*Sita, wapo wasio na uraia kabisa.* Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi Kenya kwa vizazi bila vitambulisho. Oktoba 2016 waliandamana hadi Nairobi kudai kutambuliwa, na mwaka huo wakatambuliwa. Wapemba wa Kilifi na Kwale walisubiri hadi 2023. Kwa miaka yote hiyo Mpemba wa pwani ya Kenya, mvuvi hodari wa kizazi cha pili na cha tatu, hakuweza kupata leseni ya uvuvi kwa jina lake, kufungua akaunti wala kusafiri kwenda kuwaona jamaa zake kisiwani Pemba. Tunaipongeza Kenya kwa hatua hizo. Tunazitaja ili Jumuiya ikumbuke kwamba wapo wengine kandokando ya Ziwa Tanganyika na katika kambi za wakimbizi, watoto waliozaliwa huku ambao hakuna nchi inayowaita wake. Tunaposema msafiri asihukumiwe kwa pasipoti, tunamtaja pia yule ambaye hana ya kuhukumiwa nayo.

*Saba, milango ya mbali inazidi kubanwa.* Mjerumani anayetaka kuuona Mlima Kilimanjaro hulipa dola 50 na anaweza kupewa viza uwanjani baada ya kushuka. Mtanzania anayetaka kwenda Ujerumani hupanga miadi, huacha alama za vidole, hupeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri, bima ya safari ya yuro 30,000 na hati za mali. Hulipa ada ya yuro 90, iliyopandishwa kutoka 80 Juni 2024, zaidi ya shilingi laki mbili za Tanzania. Akinyimwa, fedha hairudi. Sababu anayopewa mara nyingi ni alama iliyowekwa kwenye kisanduku: kuna shaka kama atarejea kwao. Mama mwenye duka, watoto wanne na nyumba aliyoijenga kwa jasho lake anaambiwa hana cha kumrudisha nyumbani.

Mwaka 2022 mkutano wa kimataifa kuhusu UKIMWI ulifanyika Montreal, Kanada. Wajumbe wengi wa Afrika, bara linalobeba mzigo mkubwa kuliko yote wa ugonjwa huo, walinyimwa viza au walizipata zikiwa zimechelewa. Winnie Byanyima mwenyewe, Mganda anayeongoza shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI, alieleza kwamba nusura azuiwe kupanda ndege Geneva. Ikiwa yeye yalimkuta hayo, muuguzi wa Kisumu au Kigoma atasemaje?

Mwaka 2025 ulikuwa mgumu zaidi. Aprili, Marekani ilifuta viza za wenye pasipoti za Sudan Kusini, zote, kwa madai kwamba serikali yao ilichelewa kuwapokea watu waliofukuzwa Marekani. Mwanafunzi wa Juba akaadhibiwa kwa mabishano ya maofisa ambao hajawahi kuwaona. Juni, Somalia iliwekwa katika orodha ya nchi zilizozuiwa kabisa, na Burundi katika orodha ya zilizozuiwa kwa sehemu. Oktoba, Tanzania iliingizwa katika nchi ambazo mwombaji wa viza ya matembezi au biashara anaweza kutakiwa kuweka dhamana ya kuanzia dola 5,000 hadi 15,000. Desemba orodha ikaongezwa tena: Sudan Kusini ikazuiwa kabisa, Tanzania kwa sehemu. Katika yote hayo hatukusikia Jumuiya ikisema kwa sauti moja. Kila nchi iliinamisha kichwa na kusubiri zamu yake.

Kwa nini tunaanza na milango yetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, huenda utatuambia kwamba Washington na Brussels hazipokei amri kutoka Arusha. Tunalijua hilo. Ndiyo maana malalamiko yetu sita kati ya saba yanahusu mambo ambayo kalamu zenu zinaweza kuyamaliza bila kuomba ruhusa ya mtu.

Tena kuna sababu kubwa zaidi. Maneno tunayoambiwa kwenye balozi za mbali, kwamba watu wa nchi fulani hawaaminiki, hawarudi kwao, wanaleta shida, ndiyo hayohayo maofisa wetu wanamwambia Mrundi na Msomali. Hatuwezi kuyakataa huko na kuyakubali hapa. Serikali inayomwambia Mzungu asimdhanie vibaya raia wake, na yenyewe inamdhania vibaya jirani yake, haina uso wa kusimamia hoja hiyo.

Afrika nzima imeugua maradhi haya. Januari 2018, Addis Ababa, Umoja wa Afrika ulipitisha Itifaki ya watu kutembea huru barani. Nchi zaidi ya 30 zikatia saini. Nchi zilizoridhia ni nne tu: Rwanda, Mali, Niger na São Tomé na Príncipe, ilhali zinahitajika 15 ili itumike. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika, uliotiwa saini Kigali miezi miwili baadaye, ulikwishapata idadi yake na kuanza kutumika Mei 2019. Viongozi wetu waliharakisha njia ya bidhaa, njia ya watu ikaachwa. Hata tajiri Aliko Dangote alisema hadharani Kigali mwaka 2024 kwamba anahitaji viza 35 kuzunguka bara lake mwenyewe. Yeye ana ndege na wasaidizi. Fikiria fundi cherehani.

Kuna waliothubutu. Benin, Gambia na Shelisheli zimewafungulia Waafrika wote. Rwanda ilitangaza hivyo Novemba 2023, na Ghana Januari 2025. Nchi hizo hazikuanguka. Afrika Magharibi ilikubaliana tangu 1979 kwamba raia wake wakae siku 90 katika nchi jirani bila viza, pamoja na matatizo yote ya eneo hilo. Kwa hiyo hatuombi miujiza.

Tunaamini mabadiliko huchelewa kwa sababu moja ambayo hatuna budi kuisema kwa heshima: wanaotia saini itifaki hawapangi foleni. Kiongozi husafiri kwa pasipoti ya kidiplomasia, hupokewa kwenye ukumbi wa wageni mashuhuri, na muhuri hufuatwa na msaidizi wake. Hajawahi kuulizwa ana fedha kiasi gani mfukoni. Mzigo usioubeba huwezi kujua uzito wake.

Madai yetu

Kwa hayo yote, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaleta madai yafuatayo:

1. Kitambulisho cha taifa kikubaliwe kuwa hati ya kuvukia mipaka yote ya ndani ya Jumuiya, kwa raia wa nchi zote nane. Nchi ambayo mfumo wake wa vitambulisho haujakamilika itoe kibali cha muda bure, hapohapo mpakani, kwa barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji.

2. Viza zote kati ya nchi wanachama zifutwe, zikiwemo zile zinazowahusu raia wa Kongo, Sudan Kusini na Somalia. Nchi yenye hofu ya usalama imchunguze mtu mmoja mmoja kwa taarifa, na itumie utaratibu wa Itifaki wa kuwajulisha wenzake.

3. Kila anayezuiwa kuingia apewe karatasi yenye sababu, jina la kituo, namba ya ofisa na mahali pa kukata rufaa. Karatasi hiyo iwe kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine rasmi. Uamuzi wa mwaka 2013 katika shauri la Mohochi uwe mwongozo wa kazi kwa kila dirisha la uhamiaji.

4. Bango kubwa libandikwe kila kituo cha mpaka likisema kwamba cheti cha homa ya manjano ni cha maisha. Ofisa anayedai vinginevyo achukuliwe hatua, na namba ya simu ya kumripoti iwe kwenye bango hilohilo.

5. Ada zote halali zibandikwe ukutani. Kisichoandikwa kisidaiwe, na kila kinacholipwa kitolewe stakabadhi.

6. Wawepo maofisa wanawake katika kila zamu, na dawati la malalamiko la kuwasikiliza wafanyabiashara wanawake. Mwanamke aliyeumizwa kwenye njia za panya apokewe kwanza kama aliyeumizwa. Suala la alipitia wapi lisubiri.

7. Nchi wanachama zikubaliane kwamba mpaka hautafungwa kwa watu wa kawaida kwa sababu ya mgogoro wa kisiasa. Ikilazimika kufungwa, wagonjwa, wanafunzi, wafiwa na familia zilizogawanyika waachiwe njia tangu siku ya kwanza.

8. Watoto waliozaliwa katika nchi zetu bila uraia waandikishwe na kupewa hati, na mfano wa Wamakonde na Wapemba ufuatwe bila kusubiri watu waandamane hadi Ikulu.

9. Nchi wanachama ambazo hazijaridhia Itifaki ya Umoja wa Afrika ya watu kutembea huru ziiridhie.

10. Jumuiya iwe na msimamo mmoja katika mazungumzo ya viza na nchi za mbali. Idai ada irudishwe, hata kwa sehemu, kwa anayenyimwa. Miadi itolewe kwa wakati. Wanafunzi, wagonjwa na wajumbe wa mikutano wawe na njia yao. Na wananchi wasiadhibiwe kwa pamoja kwa ugomvi wa serikali. Nchi moja ikiwekwa kwenye orodha, nyingine zote ziseme.

11. Mawaziri wa Jumuiya, angalau mara moja kwa mwaka, wavuke mpaka mmoja wa nchi kavu kwa basi la abiria, kwa pasipoti ya kawaida, katika foleni ya kawaida, kisha waandike waliyoyaona. Tunaliomba hili kwa moyo mweupe. Tunaamini kiongozi akiyaona haya kwa macho yake hatatulia mpaka ayaondoe.

Ahadi yetu

Nasi tunaahidi. Tutaziacha njia za panya pale mlango wa haki utakapofunguliwa. Hatutakopeshana vitambulisho wala kuficha mizigo isiyo halali kwenye magunia ya wenzetu. Tutawafichua madalali wanaouza mihuri. Tutawaambia vijana wetu wanaopata viza za masomo na kazi kwamba kuheshimu muda waliopewa ni kumfungulia njia anayekuja nyuma yao. Na Mkongomani, Mrundi au Msomali akishuka kwenye basi hapa Namanga, sisi tutakuwa wa kwanza kumwita ndugu, kwa sababu hatuwezi kuidai serikali heshima ambayo sisi wenyewe hatuitoi sokoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba risala hii ifikishwe kwenye Baraza la Mawaziri la Jumuiya na isomwe huko kama ilivyo. Tunaomba pia majibu ya maandishi, dai kwa dai, yakieleza lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani, na nani atawajibika kwa kila moja. Majibu hayo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kituo cha mpaka, mahali ambapo anayepanga foleni anaweza kuyasoma. Yakichelewa, tutakuja kuyafuata Arusha, kwa amani, tukiwa na vitambulisho vyetu mkononi.